Kichwa cha Ajiambo Baada ya Matanga

Wasusi wenzangu wa Busia, nyinyi mliobaki na vikaushio vya umeme na viti vya kuzunguka, mliniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Mwezi uliopita nilifunga duka. Si kwamba wateja wameisha. Vidole ndivyo vimeisha. Kidole gumba cha kulia siku hizi kinapinda kinapotaka chenyewe, na msusi ambaye kidole gumba chake hakimsikii ni afadhali akauze nyanya. Basi nimekaa barazani kwangu na kalamu, na nitawaeleza ya miaka ya sabini, kwa sababu yale ya baadaye mengi mliyaona wenyewe na mkanicheka.

Sitawaambia nilipata nini wala nilijenga wapi. Nitawaambia habari za vichwa. Watu hudhani nywele za mwanamke zikitoka basi amepakwa mafuta mabaya, au amesukwa na mtu mwenye hasira, au jirani amemfanyia kitu. Yote matatu nimeyaona, la kwanza hasa. Lakini vichwa vingi vilivyopita mikononi mwangu vilipunguza nywele kwa amri iliyotoka ndani ya mwili wenyewe, na mimi nilikuja kuyaelewa hayo polepole sana. Somo kubwa nililipata kwa mwanamke mmoja aitwaye Ajiambo, ambaye alikuwa karibu kunyang'anywa mtoto wake kwa sababu nywele zake zilikataa kuota.

Nilitoka Butula nimemaliza darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Shangazi yangu alinipeleka Busia mjini kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mke wa Mwislamu mmoja mwenye malori; yeye mwenyewe mama yake alikuwa Mnubi wa Bombo kule Uganda, baba yake mtu wa Mombasa aliyefika mpakani na mzigo akasahau kurudi. Alisukia wanawake katika chumba kilicho nyuma ya duka la vipuri la mumewe, mkeka chini, kigoda juu ya mkeka, na harufu ya grisi ikiingia bila kubisha hodi. Alikuwa mrefu, mwembamba, hana haraka. Alinitazama mikono kabla ya uso. "Kata kucha," akaniambia, "halafu ushike ufagio."

Siku hiyo ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Walikuwa wateja wawili, mke wa karani wa forodha na mama mmoja mnene aliyefanya biashara ya mtama Angurai. Walipomaliza kuchanwa nikafagia sakafu vizuri, kama nilivyofundishwa nyumbani, nikaweka takataka yote fungu moja mlangoni. Mama wa Angurai akasimama.

"Nywele yangu iko wapi?"

"Iko hapo, mama. Nimefagia."

"Na hii ingine ni ya nani?"

"Ya huyu mama mwingine."

"Umechanganya nywele yangu na ya mtu?" Sauti ilifika mpaka kwa mafundi wa magari. Mke wa karani naye akaruka juu. Kila mmoja alidai zake, na zote ni nyeusi, na zote ni za kipilipili. Siku zile hakuna mwanamke aliyeacha nywele zake zilizotoka mahali pa watu. Mtu angeziokota akaenda nazo kusikojulikana. Hata ndege akizibeba kujengea kiota, walisema, kichwa kitakuuma mpaka vifaranga waruke. Bi Zuhura hakunigombeza mbele yao. Alichukua fungu zima akalitia kwenye jiko la makaa, wote wawili wakitazama. Chumba kilijaa moshi mbaya hata nikalia, na wao wakadhani nalia kwa kujuta, wakanihurumia.

Tangu siku hiyo tukawa na desturi yetu. Kila mteja alipochanwa, nywele zake zilizotoka zilikusanywa kwenye kipande cha gazeti, kikakunjwa, naye akapewa mkononi akachome au akatupe chooni kwake. Kukunja hivyo vipande ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miezi mingi. Nilichukia sana. Nilikuja kushika kitana, nikasuka kwa uzi, nikajifunza kupasha kitana cha chuma kwenye makaa na kukijaribu kwenye karatasi kwanza, maana karatasi ikibadilika rangi basi sikio la mteja litabadilika pia. Nilitengeneza vichwa vya afro, vya mviringo, vya maturniboi wa Malaba, wale wasaidizi wa madereva wa malori, ambao walijitazama kwenye kioo kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumpamba. Lakini vile vipande vya gazeti ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Ukikunja nywele za mwanamke yule yule mwezi hadi mwezi, unajua kawaida yake. Huyu hutoa kidogo kama pamba ya sikio. Huyu hutoa zaidi, ndivyo alivyo. Halafu siku moja kipande cha gazeti hakitoshi, na unajua kuna jambo. Wengi walikuwa na watoto wachanga. Mwanamke akiwa mjamzito nywele zake hushikilia, zinajaa, anajisifu. Akishajifungua, mtoto akianza kucheka na kushika vitu, zile zote zilizokuwa zimeng'ang'ania huachia pamoja. Mama analia kwamba anaota upara, na mama mkwe anasema mtoto ndiye anayezivuta. Bi Zuhura aliwaambia maneno yale yale miaka yote: "Kula vizuri, usisukwe kwa kukazwa, ngoja mtoto atembee." Mtoto akitembea, vinywele vifupi vilikuwa vimejipanga kwenye paji la uso kama nyasi baada ya mvua.

Kulikuwa na walioanza vidonge vya kupanga uzazi, au walioviacha ghafla kwa sababu bwana ameviona. Kulikuwa na msichana mmoja wa duka la nguo ambaye siku zake za mwezi zilikuja zikipenda, ndevu zikamwota kidevuni na nywele za utosini zikapungua; alikuja kila Ijumaa tumwondolee ndevu kwa uzi, na hatukumwambia mtu. Kulikuwa na mama zetu ambao damu ya mwezi imekoma, ambao mbele na pembeni nywele zipo lakini katikati unaona ngozi. Hatukuwa na jina la haya yote. Bi Zuhura aliyaita mambo ya damu, na mimi nikayaita hivyo hivyo.

Ajiambo nilimjua kabla ya matatizo. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Uganda, akaolewa na Makokha, turniboi wa kwetu Butula. Walikaa Malaba, yeye akiwapikia chai na maandazi madereva waliokuwa wakingoja karatasi zao. Alikuwa na mdomo huyo! Dereva akichelewa kulipa alimtangaza foleni nzima. Alikuja kwetu Busia kusukwa kwa sababu, alisema, wasusi wa Malaba wanakusuka huku wanatazama malori. Nywele zake zilikuwa nene kiasi kwamba nilizigawa na Bi Zuhura, yeye upande huu, mimi upande ule. Alijifungua binti, Nafula, na mtoto alikuwa mnene na mchangamfu, na sisi tulimgombania.

Nafula alikuwa amejua kukaa na kuanza kutambaa Makokha alipokufa. Lori lilipoteza breki kwenye mteremko, basi. Akazikwa kwao Butula, na Ajiambo akabaki huko kwenye boma la wakwe.

Nanyi mnajua desturi ya kwetu. Mtu akishazikwa, siku chache baadaye watu wa nyumba yake hunyolewa: mjane, watoto, wazazi, ndugu. Nywele zikiota tena, maisha yanaendelea. Ndivyo tulivyolelewa, na sina ugomvi na hilo mpaka leo. Nilinyolewa mamangu alipofariki, na nakumbuka nilivyogusa vinywele vya kwanza nikasikia ahueni. Lakini watu wa boma lile walinyolewa siku moja, wakaota nywele, wakaanza kuchana, wakaanza kusuka. Ajiambo pekee kichwa chake kilibaki na vinyoya kama vya kifaranga. Minong'ono ikaanza kwamba marehemu amemkataa. Na marehemu hamkatai mkewe bure, kwa hiyo kuna kitu alimfanyia.

Alikuja Busia siku moja ya kiangazi, jua linapasua lami, amevaa sweta. Kitambaa kichwani, Nafula mgongoni, ameshakuwa mtoto wa kutembea. Nilimfurahia, nikamtania kwamba ameleta baridi ya wapi. Alikaa kwenye kigoda akaonyesha kwa kidole wigi ya Bi Zuhura, ambayo ilitoka Nairobi na ilikaa rafuni juu ya sufuria iliyopinduliwa, ikikodishwa kwa maharusi.

"Nyabo, nisaidie na hiyo," alimwambia Bi Zuhura, akimwita bibi kama wasemavyo ng'ambo. "Siku moja peke yake. Wazee watakaa mwezi ujao. Shemeji yangu Okumu anasema nirudi kwetu ng'ambo na mtoto abaki, ni wa ukoo. Wakiona nywele, watanyamaza."

Mpaka wa Uganda miaka ile ulifungwa na kufunguliwa bila mtu kuulizwa. Anayevuka asubuhi hakuwa na uhakika wa kurudi. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye rafu. Ningempa hiyo wigi na sufuria yake.

"Acha," Bi Zuhura akaniambia. "Wigi itakaa kichwani siku moja. Ya pili je?" Akamgeukia. "Mwanangu, nikushike kichwa kwanza."

Hiyo ilikuwa sheria yake, vidole kabla ya kitana. Alifungua kitambaa taratibu. Nywele chache zilizokuwepo zilikuwa kavu kama katani, na alipozivuta kidogo zilimfuata mkononi, na Ajiambo hakukunja hata uso. Ngozi ilitoa unga. Bi Zuhura akamwinua kidevu kuelekea dirishani, akamtazama muda mrefu.

"Nani alikunyoa nyusi?"

"Nyusi? Hakuna. Huku kwetu nyusi hainyolewi."

"Basi zimekwenda wapi?"

Nikasogea. Kweli, nyusi zilikuwepo karibu na pua, na kuelekea masikioni hazikuwepo. Nilimpa kioo. Alikuwa hajajitazama tangu msiba, na alipojiona alianza kulia, lakini hata kulia kwake kulikuwa kuzito, kana kwamba machozi yamechoka. Ndipo nikaisikia sauti yake vizuri. Ilikuwa nene na ya polepole, na mimi nilidhani imekauka kwa maombolezo. Nikamfunga shuka shingoni kama tunavyofanya, nikaona pini haifiki tundu lake la zamani, shingo imejaa. Uso ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Nikamwekea chai, na alisinzia kikombe kikiwa mkononi. Ajiambo yule wa kutangaza madereva!

"Huyu amepungukiwa damu," Bi Zuhura aliniambia pembeni. "Amezaa, amefiwa, hali chakula. Twende hospitali."

Alikosea kuhusu damu, na baadaye alilisema jambo hilo mwenyewe, tena kwa kucheka. Lakini kuhusu kwenda hospitali hakukosea. Tulikutana na kijana mmoja aliyekuwa klinikal ofisa. Sisi tulimwita daktari naye alishachoka kutusahihisha. Alimsikiliza Ajiambo bila kumkatiza, ijapokuwa kila sentensi ilichukua safari. Akampa maji kwenye gilasi.

"Meza, mama. Tena."

Shingoni kitu laini kikapanda na kushuka pamoja na maji. Kisha akamwambia apige magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia, akagonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu ulishtuka, halafu ukarudi pole pole, kama unafikiria. Akanigonga mimi ili tuone tofauti, na wangu ulirudi kwa kasi nusura uvunje taa. "Wewe ni mzima," akasema, akarudi nyuma.

"Ulianza kusikia baridi lini?"

"Nafula akianza kukaa," Ajiambo akajibu.

"Na bwana alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alininunulia hii sweta."

Daktari alitueleza kwa subira, na maneno yake nimewarudishia wateja maisha yangu yote ya kazi. Hapa shingoni kuna tezi. Inatengeneza homoni, yaani kitu kinachosafiri kwenye damu na kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Kwa wanawake wengine, baada ya kuzaa, tezi hiyo huvurugika. Ikilegea, kila kitu kinalegea: moyo, tumbo, sauti, joto, akili. Na nywele husimama kuota. Hata zile ambazo wembe haukuzigusa huanguka, na mwisho wa nyusi hutangulia. Zile nyingine tulizomwuliza, za wanaonyonyesha, za wanaomeza vidonge, za yule msichana wa ndevu, hata za wazee, akasema ni homoni pia, ila kila moja na yake. Bi Zuhura aliniangalia. Mambo yetu ya damu yalikuwa yamepata jina.

Damu ya Ajiambo ikatolewa ipelekwe Nairobi. Daktari mkubwa naye alimwona, akakubali aanze vidonge vidogo, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, wakati majibu yakingojwa. Nikauliza nilichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Nywele zitarudi?"

"Zitarudi. Lakini nywele ni za mwisho. Kwanza baridi itaondoka, kisha sauti, kisha uso. Nywele ni baada ya miezi mingi."

"Wazee wanakaa mwezi ujao."

Kijana wa watu akakuna kichwa. "Mwezi ujao hamtaona kitu," akasema, na niliona kwamba imemuuma kweli.

Kwa hiyo tulikuwa na ugonjwa unaojulikana na dawa iliyopatikana, na bado mtoto angeondoka. Bi Zuhura alisema tutakwenda sisi kuomba muda. Mimi nilikuwa binti wa kule na ningesema lugha yao. Yeye alikuwa mgeni na mwenye umri, na mgeni mwenye umri husikilizwa hata kama ni kwa heshima tu. Mumewe alitubeba kwa lori lake lililokuwa likienda kuchukua pamba. Ajiambo alikuwa amekunywa vidonge wiki kadhaa. Sweta alikuwa ameivua. Nilimwambia hiyo ni ishara njema, akaniambia kwa ile sauti yake nzito, "Okumu hahesabu sweta."

Walikaa mbele ya nyumba ya marehemu, viti vimepangwa kivulini mwa ukuta. Okumu alikuwa seremala wa soko la Butula, kaka mkubwa wa Makokha. Msimchukie. Alikuwa na watoto wengi na hofu nyingi, na mdogo wake alikufa ghafla, na mtu wa namna hiyo hutafuta pa kuishikisha hofu. Mama mkwe, Mama Felista, alikaa kando amempakata Nafula, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kimefungwa kichwani kwa kubana. Huyo ndiye ambaye Ajiambo alimwogopa zaidi, kwa sababu tangu minong'ono ianze hakuwahi kusema neno, la kumtetea wala la kumshtaki.

"Sisi wote tulinyolewa siku moja," Okumu akaanza. "Mimi yangu imeota. Watoto yao imeota. Huyu peke yake. Marehemu anasema kitu, na sisi tukinyamaza, atasema na mwingine."

Nikaamkia wazee, nikataja baba yangu na babu yangu, nikaeleza habari ya tezi kama nilivyoelezwa. Mzee mmoja aliuliza hiyo homoni ni ya ukoo gani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ukinuna mbele ya wazee umeshindwa. Ndipo Bi Zuhura akasimama.

"Wembe wenu ulipita kwenye nyusi?"

"Hapana," wakasema.

"Mtazameni basi. Nyusi zimeanguka zenyewe. Mwili unaumwa, wazee wangu. Kunyoa hakuna hatia."

Wakamtazama. Okumu alimsogelea, akaangalia upande huu na upande ule, akarudi nyuma kwa hatua kubwa.

"Mama, sasa hiyo si ni mbaya zaidi?" akasema. "Marehemu amechukua mpaka nyusi!"

Tulileta ushahidi wetu mzuri kutoka Busia na ukageuka kuwa ushahidi wa Okumu. Bi Zuhura alikaa chini. Wazee walianza kunong'onezana, na kwa lugha ya kwetu nikasikia wanazungumzia siku ya Ajiambo kuvuka mpaka. Ajiambo hakulia. Alimtazama mtoto wake tu, kama mtu anayejaribu kumkariri.

Mama Felista akainuka. Alimpa Ajiambo mtoto. Kisha akaanza kutoa pini za kitambaa chake, moja moja, akazishika kwa meno kama tunavyofanya sote. Kitambaa kikashuka mabegani.

Mbele na pembeni nywele zake zilikuwa zimeota, fupi na nyeupe. Katikati ya utosi palikuwa na ngozi, inang'aa.

"Okumu," akaita. "Kuja uangalie."

Okumu hakusogea.

"Kuja, nimesema. Hii yangu haijaota. Unaona? Tangu hiyo siku haijaota. Nimeficha na kitambaa, hata kulala nalala nayo. Nilikuwa naogopa, nikasema huyu mtoto amekufa akiwa amenikasirikia, na sijui nilimfanyia nini. Nilinyamaza ndio msione." Akamnyooshea Okumu kidole. "Sasa niambie. Makokha amenikataa na mimi? Mimi nilimzaa. Kama huyu anaenda ng'ambo, mimi naenda na yeye. Nyinyi baki na mtoto, mumpikie uji."

Yule mzee wa ukoo wa homoni alitazama viatu vyake. Okumu alikuwa ameweka mkono mdomoni, na niliona kwamba analia, mwanamume mzima, seremala.

"Mama, funga kitambaa," akasema.

"Sifungi mpaka useme."

"Ajiambo akae."

"Na mtoto?"

"Akae na mamake. Funga, mama, watu wanaona."

"Wacha waone," Mama Felista akasema, lakini alikifunga, na mimi nikaenda kumsaidia pini. Nilipokuwa nyuma yake aliniuliza chinichini kama na yeye ana tezi. Bi Zuhura alisikia. "Wewe ni miaka tu, mama," akamjibu. "Damu ikishakoma, nywele za katikati hupungua, na zikinyolewa ndipo unaona zilivyobaki chache. Hata mimi." Akagusa mtandio wake kichwani, akakumbuka kuna wanaume, akauacha. Mama Felista alimshika mkono, na hao wawili hawakuachana mpaka lori lilipopiga honi. Niliwapenda siku hiyo kwa namna ambayo sijui kuiandika.

Nanyi wadogo zangu, nawaomba hivi. Mteja akija nywele zimepungua, msimuuzie chupa haraka. Mwulizeni amezaa lini. Mwulizeni siku zake za mwezi zikoje, anameza vidonge gani, kama anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea. Mshikeni shingo mnapofunga shuka, mtazameni nyusi. Halafu mpelekeni kwa wanaojua zaidi yenu, na mwende naye, msimtume peke yake. Yule mama wa makamo ambaye hana ugonjwa wowote, mwambieni hivyo, kwa sababu hamjui anajishtaki kwa kosa gani usiku kucha.

Majibu ya Nairobi yalikuja yakasema alivyosema daktari. Ajiambo aliendelea na vidonge. Sauti ilirudi kwanza, na tuliijua imerudi kwa sababu alianza kutugombeza. Akarudi Malaba kwenye chai yake, Nafula akikimbia kati ya masufuria, na Butula wakaenda na kurudi bila mtu kuwazuia. Nywele zilikuja mwisho, kama tulivyoambiwa. Zilianza juu ya masikio, zikapanda, na siku zilipofika urefu wa kushikika alikuja kwetu kusukwa kwa mara ya kwanza, na Mama Felista alikuja naye, amevaa kiatu cha kanisani.

Nilikuwa nimeandaa kila kitu: kitana, mafuta, shuka safi. Mama Felista akaniondoa kwenye nafasi yangu.

"Mimi ndiye nilishika wembe ile siku," akasema. "Wacha mimi nisuke."

Hakuwa amesuka mtu kwa miaka mingi na macho yalikuwa yamechoka. Mchana wote ulikwisha. Mistari ilikwenda ilikotaka. Mmoja ulianzia sikioni ukaishia karibu na jicho, mwingine ulikutana na mwenzake katikati wakasukumana. Bi Zuhura alijifanya anatafuta kitu rafuni ili asicheke. Mama Felista alipotoka nje kunawa mikono, nilichukua kitana nikamwambia Ajiambo ainamishe kichwa, nifumue upesi nimtengenezee kichwa cha kwenda nacho mbele ya watu.

Akafunika kichwa chake kwa mikono yote miwili.

"Usiguse, dada," akasema. "Hii nimesukwa na mama."